CD 300 za mzee na laki saba mkononi: ninunue deki gani?

Swali: "Shikamoo fundi. Baba yangu alifariki mwaka jana akaniachia CD zinazokaribia 300. Kuna taarab, muziki wa dansi, kwaya, na nyingine ni za kuchoma mwenyewe kwenye kompyuta. Redio yake ya CD tatu inaruka, siku nyingine haisomi kabisa. Mimi nina amplifaya ya Yamaha A-S301 na spika mbili, nasikiliza kwa simu tu. Duka moja Kariakoo wameniambia ninunue 'transipoti ya CD' ya milioni moja na laki nane pamoja na waya wa laki mbili, la sivyo amplifaya nimeinunua bure. Mimi nina laki saba. Ipo ya bei nafuu inayofaa? Na deki ya DVD ya watoto iliyopo nyumbani haiwezi kazi hiyo?" – Msomaji, Tabata

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Naanza na hilo la mwisho, maana umeliuliza kwa wasiwasi na ndilo swali zuri kuliko yote: deki ya DVD inaweza. Kabla hujatoa hata shilingi moja, igeuze uangalie mgongoni. Ukiona tundu moja limeandikwa COAXIAL au DIGITAL OUT, mara nyingi la rangi ya chungwa au nyeusi, unayo transipoti tayari, yaani mashine ya kusoma diski. Chukua ule waya wa njano uliokuja na deki, wa picha, chomeka upande mmoja kwenye tundu hilo na upande wa pili kwenye COAXIAL ya Yamaha yako, halafu chagua ingizo hilo kwa rimoti. Weka CD ya mzee, sikiliza. Hapo utakuwa na kipimo chako mwenyewe, na mwenye duka yeyote atakayekuambia habari za milioni mbili utampima kwa hicho.

Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo, maana ukielewa kinachofanyika ndani hutaibiwa.

Deki ya kawaida ya CD ina kazi mbili ndani ya sanduku moja. Ya kwanza ni kusoma diski na kutoa tarakimu. Ya pili ni kugeuza tarakimu hizo kuwa umeme wa sauti, na kinachogeuza huitwa DAC. Transipoti ni deki iliyoachiwa kazi ya kwanza peke yake. Haina zile tundu nyekundu na nyeupe. Inatoa tarakimu kwa waya, kazi ya kugeuza inafanywa na chombo kingine. A-S301 yako ina DAC ndani yake, ndiyo maana mgongoni ina ingizo la COAXIAL na la OPTICAL. Kwa hiyo unachotafuta ni msomaji mzuri wa diski. Sauti utakayoisikia itatengenezwa na amplifaya yako, spika zako na chumba chako.

Tarakimu zenyewe ni hizi. Philips na Sony walipokubaliana kiwango cha CD, ambayo iliingia sokoni mwaka 1982, walipanga sauti ipimwe mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kiwe cha biti 16, na ziwe njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha utapata biti 1,411,200 kila sekunde. Zimeandikwa kama vishimo vidogo mno kwenye mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni, na mwanga wa leza unavisoma kutokea chini, ukipita kwenye plastiki yenye unene wa milimita 1.2. Waliobuni walijua diski itachubuka na kushikwa na vidole vyenye mafuta ya sambusa, kwa hiyo waliongeza tarakimu za ziada na wakazitawanya, ili sehemu ikiharibika zile za jirani zisaidie kuijenga upya. Mchubuko unaofuta kama milimita mbili na nusu za mstari huo bado unaweza kurekebishwa kikamilifu. Kikamilifu maana yake tarakimu zinazotoka ni zilezile zilizoandikwa kiwandani, si za kukisia.

Hapo ndipo nataka ukae kidogo. Marekebisho yakishindikana, deki inaanza kukisia thamani iliyopotea, na ikizidiwa inanyamaza, inatoa mlio wa tiki, au inaruka. Hayo ndiyo makosa ya msomaji wa CD. Msomaji mbovu hapunguzi besi. Hafanyi sauti ya mwimbaji iwe nyembamba, wala hafifishi gitaa la solo. Mtu akikuambia transipoti fulani "ina besi nzito", muulize besi hiyo imetoka kwenye tarakimu gani.

Kuna jambo moja la kweli ambalo wauzaji hulishikilia, nalo ni saa. Waya wa dijitali unabeba tarakimu pamoja na mapigo ya kuzipangia muda. Mapigo yakiyumba, DAC inaweza kugeuza kipimo mapema au kuchelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Zamani, DAC nyingi ziliyafuata mapigo ya waya kama yalivyo, na watu waliolipia transipoti ghali hawakuwa wajinga. DAC za siku hizi huyasafisha mapigo hayo zenyewe kabla ya kuyatumia. Mezani kwangu nimewahi kuunganisha deki ya DVD na transipoti ya bei kubwa kwenye amplifaya moja, sauti nikaisawazisha, nikawa nabadilisha bila wateja kuona. Hakuna aliyeweza kuzitambua kwa uhakika, na mmoja wao ni mpiga kinanda mwenye masikio makali kuliko yangu. Simkatazi mwenye hela kununua kizuri. Nakukataza wewe mwenye laki saba kukopa kwa ajili ya hilo.

Fedha ya transipoti inakwenda kwenye makenika na lenzi, na hapa Dar hilo lina uzito kuliko huko zinakotengenezwa. Hewa yetu ina unyevunyevu na chumvi. Deki iliyokaa Msasani au Kigamboni karibu na bahari, madirisha wazi mwaka mzima, naifungua naikuta reli za lenzi zimeota kutu na lenzi ina ukungu mweupe wa fangasi. Upande wenu wa Tabata adui mkubwa ni vumbi. Mpira mdogo unaovuta trei hulegea kwa joto, ndiyo maana deki nyingi "zinakataa kufunguka" wakati kila kitu kingine ni kizima. Grisi ya kiwandani inakauka na kuwa kama gundi, lenzi inashindwa kusogea kwenda ukingoni. Na leza yenyewe huchoka, ikipungua nguvu inaanza kuzikataa CD za kuchoma kwanza, kisha zile zilizochubuka, mwisho inakataa zote. Jinsi ulivyoieleza redio ya mzee, nadhani ipo kwenye hatua hizo. Usiitupe. Lenzi ikisafishwa kwa pamba na tone la alkoholi safi ya kusafishia vifaa vya umeme, bila kuikandamiza, huenda ikarudi. Fundi asitumie manukato, spiriti ya rangi wala mate, hata kama ndivyo alivyofundishwa. Na asiichungulie lenzi ikiwa imewashwa: mwanga wake mkuu huuoni kwa macho lakini unaumiza.

Kwa sababu hiyo, ukienda kununua deki yoyote, swali langu la kwanza huwa ni lenzi yake ina namba gani. Deki nyingi za kawaida zimetumia lenzi ya Sony KSS-213 au Sanyo SF-P101N, na hizo zimetumika kwenye redio nyingi kiasi kwamba mafundi wanazijua na vipuri vyake vinapatikana kirahisi. Ipo mashine nzuri ya bei ghali yenye lenzi isiyotengenezwa tena popote. Hiyo ikifa, umebaki na sanduku zuri la alumini.

Tuje kwenye laki saba zako.

Kama deki ya DVD ya watoto haina tundu la dijitali, au inapiga kelele za kuzunguka, hatua ya pili ni deki ya Blu-ray iliyotumika. Sony BDP-S1500 na BDP-S3700 kwa mfano zina COAXIAL mgongoni. Udhaifu wake useme mapema: hazina kioo cha kukuonyesha wimbo wa ngapi, zinachelewa kuamka, na utahitaji kuziunganisha na TV mara moja ili kupanga mipangilio. Kwenye mipangilio ya sauti ya dijitali chagua PCM, yaani tarakimu za sauti zisizofungashwa, kwa sababu amplifaya ya stereo kama yako haielewi sauti za sinema zilizofungashwa kwa Dolby. Ukisahau hilo, DVD ya sinema itacheza kimya na utadhani amplifaya imekufa. Nyingine huweka kimya kifupi kati ya wimbo na wimbo. Kwenye kwaya haisumbui. Kwenye onyesho lililorekodiwa jukwaani, watu wanapiga makofi halafu ghafla pengo, inakera. Upande wa faida, mashine hizi mara nyingi zinasoma pia CD za MP3, na kwa jinsi diski za mtaani zilivyouzwa hapa mjini nina hakika kati ya zile 300 zimo za namna hiyo. Transipoti nyingi za hadhi hazizigusi.

Lakini kama ningekuwa naenda nawe dukani, ningetafuta deki kamili ya CD iliyotumika yenye tundu la dijitali. Yamaha CD-S300 au ndugu yake CD-S303, au Marantz ya familia ya CD5005 na CD6006. Zina kioo unachokisoma ukiwa umekaa, rimoti yenye namba, trei imara, na COAXIAL pamoja na OPTICAL. Zina pia DAC yao na tundu nyekundu na nyeupe, jambo ambalo wauzaji wa transipoti hulitaja kama kasoro. Mimi naliona ni akiba. Siku ingizo la dijitali la amplifaya yako likifa, au ukitaka kumwazima mdogo wako mwenye amplifaya ya kawaida, deki hiyo bado inafanya kazi. Transipoti tupu bila DAC haitoi kitu.

Zile mpya za kazi hiyo tu zipo na ni nzuri, nisizifiche. Cambridge Audio CXC ina trei na inasoma kwa mwendo wa kawaida wa CD. Audiolab 6000CDT inameza diski kwa mdomo na inasoma mbele kidogo, inahifadhi, kisha inatoa, kwa hiyo diski iliyochubuka inapata nafasi ya kusomwa tena. Huko Uingereza zilikuwa zikiuzwa kwenye paundi 300 hadi 400 hivi. Paundi 400 peke yake ni zaidi ya milioni moja ya kwetu, hapo hujalipa usafiri wala ushuru, na ikiharibika utaipeleka wapi? Siku ukipata nafasi, CXC ningekushauri. Leo hapana.

Tahadhari kubwa ya vitu vilivyotumika, na hii naomba uisome mara mbili. Mashine nyingi nzuri zinaingia kutoka Japani, na zimetengenezwa kwa umeme wa volti 100. TANESCO wanakupa volti 230. Ukichomeka moja kwa moja, unasikia mlio mmoja, harufu, basi. Geuza mashine usome kibao cha nyuma. Ikiwa imeandikwa AC 100V, inahitaji transfoma ya kushusha, na bei ya transfoma ihesabu kwenye zile laki saba. Ikiwa 220-240V, sawa. Ikiwa 100-240V, sawa pia. Muuzaji akisema "tumeshabadilisha plagi", plagi haina uhusiano na volti. Nililetewa deki nzuri sana ya Japani ikiwa imebadilishwa plagi tu, mwenyewe alikuwa ameitunzia fedha miezi mitano. Niliumia pamoja naye.

Dukani nenda na CD tatu za mzee: moja ya kiwandani iliyo safi, moja iliyochubuka, na moja ya kuchoma. Hesabu sekunde mpaka deki itambue idadi ya nyimbo. Lenzi nzima haivuki sekunde kumi na kitu. Kisha cheza wimbo wa mwisho wa CD ndefu kuliko zote ulizonazo. Mstari unaanzia katikati, kwa hiyo wimbo wa mwisho uko ukingoni, na hapo ndipo grisi iliyokauka na motori iliyochoka hujisema. Ruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho na kurudi, mara nyingi. Fungua na kufunga trei mara kumi. Omba kukaa nusu saa ikiwa inacheza, kwa kuwa leza iliyochoka hufanya vizuri ikiwa ya baridi na kushindwa ikipata joto. Muuzaji akinung'unika kwa nusu saa, ondoka.

Na usikubali kujaribiwa kwa zile nyekundu na nyeupe pekee. Hiyo inathibitisha DAC ambayo wewe hutaitumia. Tundu la OPTICAL unaweza kulikagua kwa jicho: mashine ikiwaka, ndani yake unaona mwanga mwekundu. La COAXIAL halionekani, kwa hiyo beba waya wako na uombe amplifaya yenye ingizo la dijitali, au uandikiwe kwenye risiti kwamba utarudisha kama halitoi.

Waya wa laki mbili usinunue. Dijitali ya koaksia inataka waya wa omu 75, na ule wa njano wa picha ndivyo ulivyokusudiwa. Kwa mita moja unafanya kazi yote. Waya wa mwanga, ule wa OPTICAL, ni mzuri kama spika zako zinavuma mmm unapounganisha vitu viwili, maana haupitishi umeme, lakini usiukunje kama kamba na ukumbuke kutoa vile vifuniko vidogo vya plastiki mwishoni. Nimeitwa nyumbani kwa watu kwa ajili ya vifuniko hivyo. Umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo unahitaji kilinda umeme, kama unacho cha TV tumia hichohicho.

Sasa CD zenyewe, maana deki utaipata lakini diski za mzee hazina nyingine. Zile za kuchoma zina hatari kuliko zote. Za kiwandani zina vishimo vya kweli. Za kuchoma zina rangi iliyobadilishwa na leza, na rangi hiyo inafifia kwa joto na jua. Kama zimekaa karibu na dirisha miaka kumi, baadhi zimeshaanza kuondoka. Kabla hujanunua chochote, tafuta kompyuta yenye kisomeo cha diski, weka programu ya Exact Audio Copy ambayo ni ya bure, na uanze kuzinakili, za kuchoma kwanza. Kwa CD za kiwandani programu hiyo inaweza kulinganisha ulichosoma na nakala za watu wengine duniani wenye diski hiyohiyo, ikakuambia kama kila tarakimu imetoka sawa. Za kuchoma nyumbani haina cha kulinganisha nazo, ila inarudia kusoma palipo na shaka na kukutajia sehemu zilizoshindikana. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti isiyopoteza chochote. CD iliyojaa dakika 74 ni karibu MB 783, na FLAC huipunguza mpaka nusu au theluthi mbili, kwa hiyo diski ya GB 256 inazibeba zote 300. Nakala ya pili mpe ndugu yako anayeishi nyumba nyingine.

Zisafishe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usifuate mzunguko, kwa sababu mchubuko unaofuata mstari unafuta tarakimu nyingi mfululizo na marekebisho yanashindwa. Na upande wa juu, wenye maandishi, ndio dhaifu zaidi kwenye CD: tabaka la alumini liko chini ya vanishi nyembamba tu. Kama mzee aliandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino mgumu, usijaribu kuyafuta. Yaache kama alivyoyaandika.

Jioni ukifika nyumbani igeuze ile deki ya DVD, kisha niandikie kilichoandikwa mgongoni kama kilivyo, pamoja na namba ya modeli. Nitakuambia kama inatosha au twende Kariakoo.